Pikapu Iliyogoma Ziwani Tu

Kutoka Singida hadi Mbinga nilitumia siku nne. Nililala Dodoma, nikalala Makambako, nikalala Songea, na kipande cha mwisho nilikaa juu ya magunia ya chumvi kwenye lori, maana basi letu lilikuwa limekwama kwenye tope. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, miaka miwili ya kushika spana kwa mjomba, na miguu isiyopenda kukaa mahali pamoja. Nilidhani nitakaa Mbinga msimu mmoja wa kahawa. Nilikaa miaka ishirini na mbili.

Siku ya kwanza gereji, Fundi Mkuu hakutaka kuona cheti. Alinisimamisha mbele ya magari sita yaliyokuwa uani akauliza, "Unaona nini?"

"Yote yametazama bondeni, mzee."

"Basi nusu ya kazi ya Mbinga umeshaijua. Hapa gari haliegeshwi likitazama mlima. Stata ikigoma, achia breki, lishuke, tia gia ya pili, achia klachi. Limewaka."

Stata ni mota ya umeme inayoizungusha injini mpaka iwake. Katika milima ile watu waliendesha magari mwaka mzima bila stata, na hakuna aliyeona ajabu.

Mwaka wa nne Fundi Mkuu alinikabidhi upande wa umeme wa magari. Ndipo ilipoletwa pikapu ya Alhaji, mwenye duka la jumla karibu na soko. Ilikuwa kuukuu, ya petroli, bodi imeshonwa kwa kulehemu. Dereva wake, Baba Kasiani, alipeleka unga na sabuni Mbamba Bay, ufukweni mwa ziwa, kila wiki na kurudi na dagaa. Alisema gari linagoma kuwaka akiwa ziwani. Si kila safari, lakini likigoma alilala hukohuko mpaka apate lori la kumvuta.

Nilipima betri, nzima. Nikasafisha tamino, vile vichwa vinavyoshika nyaya kwenye betri. Nikafungua stata, nzima. Nikawasha gari mara ishirini pale uani, likaitika mara ishirini. Nikaandika: gari zima.

Lilirudi. Nikapima tena, nikaandika tena: gari zima. Sikujua kwamba maneno yale mawili yalikuwa yanamchimbia mtu kaburi.

Safari ya tatu Alhaji alikuja mwenyewe. "Fundi, umewahi kuona ugonjwa unaochagua mahali? Mbinga gari zima, ziwani hoi! Huyu dereva ana nyumba ndogo kule. Wiki hii ukiniambia tena gari ni zima, anarudisha ufunguo."

Alipoondoka, nyuma yake alikuwa amesimama Mama Kasiani, mke wa dereva, na jembe begani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu, mimi sijui stata wala nini. Sokoni wananiuliza mke mwenzangu anapikaje dagaa. Nyumbani nina watoto wanne. Niambie, gari linaharibika kweli au haliharibiki?"

Nilimfuata Fundi Mkuu nikaomba ruhusa ya kwenda ziwani na ile pikapu.

"Kufanya nini huko? Kuoga?"

"Mzee, mgonjwa nimempima akiwa mzima mara mbili. Nataka kumpima akiwa anaumwa."

Alinitazama, akanitupia taa ya majaribio na waya mnene wa kuazimia umeme. "Usiporudi kesho, na wewe tutasema umeoa."

Tulifika Mbamba Bay saa nne asubuhi. Baba Kasiani aliegesha karibu na vichanja vya dagaa, mahali tambarare kama meza, akazima. Tulipomaliza kupakia, akageuza ufunguo. *Tak*. Basi. Sauti moja, kama mtu anagonga kucha kwenye sufuria. Taa zilikuwa zinawaka vizuri.

"Umeona?" alisema. "Umeona mke wangu wa pili?"

Nikamwambia ajaribu tena, na tena, mimi nikiwa nimeinama juu ya injini. Akina mama wa dagaa walikuwa wanacheka: "Fundi, mbusu labda ataamka!" Nikaegemea, mkono ukagusa waya wa akseleta, ule unaotoka kwenye pedeli hadi kwenye kabureta. Niliurudisha haraka. Ulikuwa wa moto kama mpini wa kikaango.

Waya ule hauna kazi yoyote na umeme. Lakini umeme wa stata lazima urudi kwenye betri, na njia yake ni ethi, waya mnene unaofunga injini kwenye chesisi. Njia kubwa ikikatika, umeme unapenya popote penye chuma, hata kwenye kamba nyembamba ya akseleta. Hapo ndipo nilipojua. Nikachukua waya wa Fundi Mkuu, ncha moja kwenye injini, nyingine kwenye hasi ya betri.

"Washa!"

Injini ikanguruma. Wale akina mama walipiga vigelegele, na mimi, mtu mzima, niliruka juu mara mbili.

Niliifungua ile ethi. Kwa nje ilikuwa nzima, ndani ya ganda nyuzi zilikuwa zimekatika zikageuka kijani. Mipira inayokaliwa na injini ilikuwa imechakaa. Gari likitazama bondeni, injini inasogea mbele na nyuzi zinagusana. Likiwa tambarare, mara nyingi zinaachana. Uwanja wetu wa gereji ulikuwa mteremko. Nilikuwa nampima mgonjwa akiwa ameshapewa dawa yake.

Kesho yake nilirudishia ethi mbovu na kumpeleka Alhaji na pikapu yake kwenye uwanja wa mpira, palipo tambarare. Watu walijaa. Alhaji akageuza ufunguo mwenyewe. *Tak*. Akajaribu mpaka jasho likamtoka. Nikamfungia ethi mpya, likawaka kwa kugusa tu. Alhaji alishuka, akashika ufunguo kwa mikono miwili, akampa dereva mbele ya watu wote. "Nisamehe, Baba Kasiani. Nimekula nyama yako bure." Na mimi niliomba radhi, maana niliandika kwa kujiamini kitu nilichokipima nusu.

Baada ya hapo nilipelekwa Mpepai kwenye mashine za kukobolea kahawa, halafu Mbuji, halafu nikarudi mjini kuwa Fundi Mkuu. Vijana niliowafundisha sasa wanachomeka kompyuta kwenye gari nayo inawasomea. Nawaambia wamuulize dereva kwanza, na wamwamini mpaka kipimo kikatae. Mgongo ndio ulionistaafisha, kabla hata sijafika hamsini. Haukutaka tena kulala chini ya gari.

Siku niliyoondoka, Mama Kasiani alikuja stendi na kilo mbili za kahawa. Alimshika kondakta mkono, akasema kwa sauti ya kusikiwa na basi zima:

"Huyu mkalishe mbele. Hapa Mbinga nzima, mwanamke mwenye mume aliyepimwa na fundi akaonekana hana hawara ni mimi peke yangu."

Basi zima lilicheka mpaka dereva akachelewa kuondoka. Nilikaa kiti cha mbele.