Tembo la Mikate ya Ramadhani

Siku ya mwisho ya Shaaban, mwaka 1956, nilikuwa uani kwetu Pangani nikichekecha unga wa mchele. Nilikuwa likizoni kutoka chuo cha ualimu. Mama alikuwa akingoja tembo tamu la kuumulia mikate ya kumimina, ambayo mtaa mzima uliinunua kwetu kwa futari. Na kaka yangu, ambaye hakupata kuonja kileo maishani mwake, alikuwa juu ya mnazi akiligema.

Wagema wenzake walimleta juu ya kitanda cha kamba. Alikuwa ameanguka, kibuyu kikampasukia kifuani, shati lote likarowa. Alikuwa akitapika, na maneno yake hayakushikana.

"Mwezi waandama, mwenzetu anaaga kilabu!" jirani mmoja alisema, watu wakacheka.

Tulimkimbiza zahanati. Dresa, msaidizi wa tabibu aliyeiangalia zahanati, alitupokea mlangoni, pua ameiziba.

"Mwaniletea mlevi, na kesho mfungo?"

"Ameanguka, bwana. Tazama, mboni moja ni kubwa kuliko ya pili. Na nyuma ya sikio pamevimba." Hayo nilifundishwa chuoni, katika somo la huduma ya kwanza.

"Mwalimu," alinijibu, "pombe ikipanda, hata mboni hulewa. Kamlazeni. Akiamka, mpeni ndimu."

Hakumwinamia hata kidogo. Mama alimwapia kwamba mwanawe hanywi; akaambiwa kila mama husema hivyo.

Asubuhi kaka hakuamka. Lori la mkonge lilimfikisha Tanga, ambako daktari alimfunua kope, akauliza yuko hivi tangu lini. Walimtoboa fuvu kuitoa damu iliyoukandamiza ubongo. Aliishi. Tukaambiwa tushukuru, nasi tukashukuru kwa midomo.

Baada ya Idi niliipeleka zahanati barua hii:

"Bwana Dresa,

Kaka yangu amerudi. Anatembea, ila mkono wa kulia haushiki kitu. Mimi huniuliza nimekuja kwa nani. Wapitao barazani humuuliza kama ameacha pombe, naye huitikia kwamba ameacha, kwa kuwa hakumbuki.

Sitaki uniombe radhi. Nataka atakayeletwa kwako tena, vyovyote anavyonuka, umfunue macho kwanza.

Mkeo ametuma sahani ya kununulia mikate kama ada yake. Tumeirudisha tupu. Tembo lililoiumua mikate yenu miaka yote ndilo ulilolizibia pua."