Ukuta Uliopakwa Sukari

Sukari huilewesha saruji. Ukipaka ubao maji mazito ya sukari, kisha ukamwaga zege nyuma yake, zege lote litashika isipokuwa ile ngozi iliyogusana na ubao. Kesho yake unabandua ubao, unasugua kwa brashi na maji, ngozi inatiririka kama uji, na mawe yaliyojificha ndani yanatokeza. Ufundi huo niliupata Mtwara mjini kwa mhandisi mmoja aliyekuwa na dawa yake ya kopo kutoka ng'ambo. Sisi kijijini dawa ya kopo tungeitoa wapi? Tulikuwa na sukari, na hiyo nayo ilikuwa ya foleni.

Kijiji chenyewe kilikuwa kipya, cha ile Operesheni ya serikali ya kuhamisha watu. Walitutoa kwetu, karibu na Ruvuma inapoingia baharini, wakatuweka kando ya barabara pamoja na watu wa vijiji vingine tusiowajua. Mke wangu hakulilia nyumba wala mikorosho. Alililia kaburi la mtoto wetu wa kwanza, aliyefariki hajatimiza miaka miwili. Kwetu mtoto akifa, chombo alicholia chakula hakibaki nyumbani. Siku ya arobaini mama yake hukivunja, akavipanga vipande upande wa kichwa, kisha akalizungushia kaburi mawe meupe ya mtoni. Haandikwi jina. Siku ya kupanda lori mke wangu alinishika mkono akaniambia, "Nikifa unirudishe huku, unilaze karibu na ntoto wangu. Niahidi." Nikamwahidi upesi, maana dereva alikuwa anapiga honi.

Baadaye ikaja habari kwamba mgeni mkubwa kutoka mkoani atakuja kufungua ofisi ya kijiji. Mwenyekiti akataka jengo la kutia fora, nami kwa mdomo wangu mrefu nikasema nitamfanyia ukuta wa mbele wa mawe meupe, kama ya mjini. Akanikabidhi sukari kutoka duka la kijiji. Wanawake walinisema hadi nikakoma. "Watoto wanakunywa uji wa chumvi," akasema mmoja, "ukuta unakunywa chai!" Nilicheka nao. Nilikuwa fundi, najiona.

Mawe niliwaagiza wanaume waliokuwa wakienda na trekta. "Nendeni kijiji chetu cha zamani," niliwaambia, "mtoni kule mawe meupe yamejaa." Mimi sikwenda, nilibaki nachemsha sukari yangu. Wale wanaume walikuwa wa vijiji vingine. Makaburi ya kwao ni tuta la udongo na mti uliopandwa kichwani. Walipofika waliukuta ukingo wa mto umejaa matope, lakini kichakani, karibu na njia, mawe meupe yalikuwa yamekwisha kukusanywa mafungu mafungu. Wakamshukuru Mungu, wakapakia kwa sepetu. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, na hilo ndilo linaloniuma. Ningempata wa kumlaumu, labda ningepumua.

Tulimwaga zege siku nzima. Asubuhi iliyofuata nikabandua mbao. Wanawake walileta maji kwa ndoo, mke wangu akiwa miongoni mwao, tukagawana kazi: yeye anamwaga, mimi nasugua. Saruji ilitiririka miguuni petu nyeupe kama tui, na mawe yakaanza kutokeza moja moja, yanang'aa. Watu wakapiga vigelegele. Nilijua ninafanya kitu kizuri kuliko vyote nilivyopata kufanya.

Kisha, usawa wa kifua changu, brashi ikafichua kipande cha kaure chenye ua la kijani. Kando yake kingine, chenye ukingo wa kibakuli.

Maji yakakoma kumwagika. "Hiki kibakuli cha ntoto wangu," akasema mke wangu, polepole, kama mtu anayesoma.

Nilikijua kabla hajafungua kinywa, kwa sababu nilikinunua mwenyewe mjini, Rahaleo. Na saruji bado ilikuwa laini. Ningechukua patasi ningeweza kuvichomoa vile vipande na mawe yote yaliyovizunguka. Nilikuwa na muda mpaka adhuhuri. Baada ya hapo jua lingekaza kila kitu. Lakini mwenyekiti alikuwa amesimama nyuma yangu anatabasamu, na miaka ile neno hujuma lilitosha mtu kuchukuliwa. Niliogopa. Na nisijitakase: niliuonea huruma ukuta wangu.

"Vibakuli vya namna hii viko vingi," nikamwambia. "Mwaga maji, mke wangu."

Alinitazama. Kisha akamwaga, akaendelea kumwaga mpaka ukuta ukaisha.

Mgeni alikuja, akausifu ukuta, akaondoka. Wiki iliyofuata mke wangu akasema, "Nenda ukanitazamie kaburi." Nilikwenda kwa miguu. Nilikuta alama za magurudumu, nyasi zilizolala, na mashimo madogo mahali mawe yalipong'olewa. Mahali alipolala mwanangu sikupajua. Nilizunguka, nikapima kwa hatua kutoka kwenye njia, nikapima tena, kila mara napata mahali pengine. Nikaketi chini nikalia kwa sauti, kwani hapakuwa na wa kunisikia.

Niliporudi alikuwa mlangoni. "Lipo?"

"Lipo."

"Na mawe yake?"

"Hayakuguswa."

Akasema alhamdulillahi, akaenda kulala mchana kweupe, usingizi ambao hakuwa ameupata tangu siku ya ukuta. Ningemwamshaje nimwambie mengine? Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu haikuisha. Kila alipotaka kwenda kuzuru nilikuwa na sababu: mpakani si salama, mto umejaa, mguu wangu unauma. Alikubali zote. Ila pale ofisini hakupita tena. Alizunguka kwa njia ya mashambani hata akiwa na mzigo kichwani. Sijui alijua kiasi gani. Tulihamia Chuno, Mtwara mjini, tukazaa wengine, tukazeeka, na sikuthubutu kumuuliza.

Alipofariki watoto walitaka azikwe mjini. Nikakataa, nikasema nina ahadi. Tukampeleka. Kichaka kilikuwa kimekuwa msitu, vijana wakafyeka njia. Walipofika katikati wakasimama na majembe yao, wakanigeukia wote.

"Wapi, babu?"

Nilichomeka fimbo yangu penye nyasi fupi. "Hapa," nikasema, "ubavuni mwa mwanawe." Wakachimba. Nilisimama juu ya shimo nikimwomba Mungu jembe liguse chochote, kigae, jiwe moja jeupe. Ulikuwa udongo mtupu mpaka chini. Mwanangu mkubwa akanishika bega akaniambia mama sasa atapumzika, amefika alikotaka.