Doria ya Ngazi za Malaz

Mama yake madam wangu, ambaye sisi wafanyakazi tulimwita mama kabira, yaani mama mkubwa, alikuwa na ugonjwa mmoja ambao daktari hakuuandika popote: kupenda vita. Si vita vyovyote, bali vile vya visiwa vya Pasifiki, Wamarekani na Wajapani wakiviziana msituni. Televisheni ya sebuleni pale Malaz, mtaa wetu wa Riyadh, haikuzimwa, filamu za vita usiku na mchana. Bibi wa Riyadh, jangwa liko mlango wa nyuma, na anajua jinsi ya kuvuka kinamasi bila kulowesha bunduki!

Siku niliyomwambia kwamba babu yangu mzaa mama, askari wa Mwingereza, alipigana na Wajapani hao hao kule Bama, alinitazama kama vile nimetoka ndani ya televisheni. Tangu hapo sikupiga pasi kwa amani. Alitaka kujua kila kitu, na bahati nzuri babu alikuwa msemaji. Alituambia kwamba kabla ya Bama walifunzwa upya katika misitu ya kisiwa cha Siloni, maana Mwingereza alidhani kila Mwafrika anaujua msitu, kumbe wengi wao walitoka nyika tupu. Walifundishwa kuiacha njia, kwa sababu njia ndiyo inayoviziwa. Walifundishwa kuionja ardhi kwa unyayo kabla ya kuipa uzito, na kufunga vyombo vya bati kwa vitambaa visilie. Wa mbele akiinua ngumi, wote wanaganda, na hakuna anayeuliza kwa nini. Kila wakisimama, hesabu inapitishwa kutoka nyuma hadi mbele, wajue kama kuna mwenzao aliyeachwa njiani.

Kisha mama kabira akavunjika nyonga. Alirudi kutoka hospitalini akiwa ameikasirikia miguu yake. Alitaka jambo moja tu: Idi ile aipande nyumba aliyozaliwa, Balad, mji mkongwe wa Jeddah, akae kwenye roshani ya mbao ya juu kabisa. Baada ya Idi nyumba ingekabidhiwa mafundi wa ukarabati, na kwa umri wake kusubiri lilikuwa neno la watu wengine. Madam akasema wazi: apande kwanza ngazi za jengo letu hadi juu, la sivyo Idi ataila Riyadh.

Miguu haikuwa tatizo kubwa. Tatizo lilikuwa kiburi. Ukimwambia apumzike kidogo, anaketi hapo hapo, anasema halas, basi, na siku hiyo imekwisha. Nilimbembeleza, nikanuna, nikamwombea kwa Mungu wangu na wake. Mafi, hakuna kitu. Asubuhi moja nikachoka kabisa, nikafungua mlango wa ngazi, nikamwambia kwamba lifti imetekwa na adui.

Akafikiri. Akaniuliza adui ni wangapi.

Basi doria ikaanza. Mimi ngazi moja mbele, nimegeuka ubavu, mkono tayari. Yeye nyuma, ameshika reli na mkongojo. Bangili zake nilizifunga leso zisilie. Udi alikataa kuuacha. Nikamwonya kwamba Mjapani atatunusa, akajibu kwamba Mjapani mwenye adabu ataufurahia. Nikimsikia anahema, nainua ngumi. Anaganda, mgongo ukutani, macho yanazunguka. Hapumziki huyo, anavizia. Pumzi ikimrudia, ananong'ona "mmoja," nami wa mbele najibu "wawili," kisha yalla, twende.

Siku moja jirani alishuka na mfuko wa taka akatukuta tumeganda. Akatusalimu. Hatukuitikia, adui angetusikia. Jioni madam akaja jikoni kuniuliza kwa sauti ya chini kabisa kama mama yake yuko sawa, na kama mimi niko sawa.

Siku ya mtihani madam alisimama juu kabisa, mikono kifuani, akisubiri kusikia mkongojo. Hakusikia kitu. Mama yake alipomtokea pembeni alipiga yowe, na mama kabira akafurahi juma zima.

Ngazi za Balad zilikuwa mbaya kuliko nilivyofikiri: nyembamba, za giza, hakuna mbili zinazolingana. Wapwa walitaka kumbeba kwa kiti, akawafukuza kwa mkongojo. Nusu ya njia midomo yake ilipauka. Niliogopa, tena sana, kwa sababu mimi ndiye niliyemfikisha pale. Nikainua ngumi. Nyuma yetu ukoo mzima ukagongana, hadi aliyebeba birika la kahawa, nao wakaganda. Tukasubiri. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta maneno ya kumwambia madam.

"Mmoja," akanong'ona mgongoni mwangu.

"Wawili," nikajibu, nikapanda ngazi iliyofuata.

Juu, alikaa kwenye roshani akitazama uchochoro wa utoto wake, akilia na kucheka kwa zamu. Masinia yakaanza kuingia chumba cha wanawake. Madam akapita akihesabu vichwa, wangapi kila sinia, na kidole chake kikaniruka kama kinavyoruka pazia. Sikukasirika, ndivyo ilivyo siku zote, na nilikuwa tayari naelekea jikoni.

Mama kabira akainua ngumi. Wote walikuwa wamejifunza ngazini. Chumba kizima kikaganda.

"Hesabu upya," akamwambia binti yake. "Umemwacha mmoja wa doria yangu njiani."