Kiatu cha Kushoto

Kwetu Makongeni kiatu hakikuwa cha mtu mmoja. Mimi nilivaa kwanza, kisha Januari kikaenda kwa mdogo wangu, kwa kawaida na kiraka. Desemba ile mama alivibonyeza viatu vyangu vya shule kwa kidole gumba, akasema, "Hivi bado viko sawa. Usiviguse tena." Mdogo wangu alikuwa amechaguliwa kupandisha bendera siku ya kufungua shule, mbele ya paredi nzima. Alivipaka rangi kila jioni, kabla hata havijawa vyake.

Ndipo binamu yangu akaja kutoka Ruiru na ubao wa magurudumu manne alioupata kwenye mitumba. Juu yake alikuwa amebandika msasa ili miguu isiteleze. Akiruka, ubao unapanda naye hewani. Nilimwonea wivu, sifichi. Na kesho yake alikuwa anarudi kwao nao.

Nilijaribu na ndara zangu za akala. Akala ni tairi, na tairi juu ya msasa haliendi popote, nilianguka kifudifudi. Nikajaribu miguu mitupu, msasa ukanichuna kidole.

"Si uvae viatu?" binamu akauliza.

Mama alikuwa kiwandani mpaka saa kumi na moja, mdogo wangu alikuwa ametumwa dukani. Nikavivaa, nikaruka juu na miguu yote miwili.

"Ai, wewe unaruka kamba!" binamu akanicheka. "Gonga mkia na mguu ya nyuma. Alafu hiyo ya mbele ilaze, uiburute na ubavu mpaka kwa pua ya ubao. Buruta, wacha woga!"

Kuburuta ndiko kulikonitia woga. Kila nikiburuta nilisikia msasa ukila ngozi. Niliinama, nikapaka mate, nikajiambia rangi itafunika. Weusi ukaisha, kijivu kikatokea. Mtu mwenye akili angevua. Mimi nilisema, "Moja ya mwisho," na nikaisema mara nyingi sana.

Mara mguu wa nyuma ukagonga, wa kushoto ukateleza hadi puani, ubao ukapanda nami. Nikatua juu ya magurudumu yote manne. Nilipiga kelele ya furaha, halafu nikatazama chini. Kidole changu cha mwisho kilikuwa nje.

Mdogo wangu alikuwa amesimama kando ya ukuta, mkate mkononi.

Mama hakunichapa. Alichukua akala zangu, akampelekea fundi wa viatu, na fundi akakata humo humo kiraka cha kuziba kiatu cha kushoto.

Siku ya bendera mdogo wangu alisimama mguu wa kushoto umejificha nyuma ya wa kulia. Lakini kamba ilikuwa ngumu, ikambidi autoe mbele ili apate nguvu za kuvuta. Shule nzima ilitazama bendera ikipanda. Yeye alinitazama mimi.