Shadia Aifuata Nguzo

Watu walioshuka ufukweni Ujiji mwaka ule, vita ilipowasukuma kutoka ng'ambo, walibeba kila walichoweza: magodoro, masufuria, mbuzi, cherehani. Shadia binti Hamdani alishuka na mashine ya kuchomelea vyuma. Katikati ya ziwa mwenye mtumbwi alikuwa amemwambia, "Mama, chuma hiki kitatuzamisha, kitupe." Shadia akatupa godoro, akatupa na masufuria, kisha akaikalia mashine yake mpaka nchi kavu. Habari zikafika mjini kabla yake: binti Hamdani amerudi mjane, na akili amezisahau huko huko.

Akili alikuwa nazo zote. Alizaliwa Ujiji, akaolewa Uvira, ng'ambo ya ziwa, na fundi wa kuchomelea. Mumewe, baada ya kuchoshwa na wasaidizi wenye mikono mirefu, aliamua kumfundisha mkewe kazi. Walifanya kazi bega kwa bega hadi mume alipouawa njiani akienda kununua vyuma. Mashine ile ndiyo iliyobaki ya mume, na ndiyo iliyobaki ya kazi. Sasa wewe ungetupa kipi?

Kaka yake, Mwinshehe, alimpokea vizuri, nisije nikamsingizia. Alikuwa amejenga nyumba mpya Rusimbi, kwenye kiwanja alichoacha mama yao, akampa dada yake chumba cha uani. "Hiki ni chako," alimwambia. Lakini mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na Mwinshehe hakuwa na jembe la kumpa mtu ambaye kazi yake haifanyiki bila umeme. Nyumba zote mpya za upande ule zilikuwa gizani. Laini ya umeme iliishia kwenye ua wa wageni waliokuja kuhudumia wakimbizi. Mashine ikakaa pembeni ya kitanda, kuku wakaizoea, mmoja akawa anatagia nyuma yake. Mwinshehe akiingia chumbani humo, bila hodi, maana mtu hapigi hodi ndani ya nyumba yake, aliitazama na kutikisa kichwa.

"Dada," alimwambia Ramadhani ilipoanza, "Gervasi wa bandarini anaitaka mashine hii. Atakuja baada ya Idi. Tumuuzie, upate mtaji wa mawese kama wanawake wenzako."

"Na umeme ukifika kabla ya Idi?"

Mwinshehe akacheka mpaka mabega yakatikisika. "Ukifika kabla ya Idi, sitasema neno."

Shadia hakucheka. Asubuhi yake alikuwa mlangoni pa ofisi ya umeme, akarudi kesho yake, na kesho kutwa, hadi wakamtuma mpimaji ili wapumzike naye. Mpimaji huyo aliitwa Onesmo, Muha wa Kasulu, mtu mpole mwenye utepe mrefu. Akapima kutoka nguzo ya mwisho hadi ukuta wa chumba cha Shadia, akauma midomo.

"Waya hauvuki mita thelathini bila nguzo nyingine, mama. Na nguzo hatuna."

Kweli hazikuwapo. Ulikuwa mwaka wa Elnino. Mvua ilikuwa imeikata reli huko njiani, na nguzo zilikuwa zimelala kwenye mabehewa zikinyeshewa sawa na abiria.

"Kwa hiyo nisubiri reli," Shadia akasema.

"Usubiri reli, mama."

"Na kama nyumba yangu ingekuwa karibu?"

Onesmo alitabasamu, akarudi nyuma hadi mita ya thelathini ya utepe wake, akagonga ardhi kwa kisigino. "Ingekuwa hapa, ningekuungia mwezi huu huu. Ila iwe nyumba ya bati anayokaa mtu. Vibanda vitupu haturuhusiwi."

Pale alipogonga palisimama mchikichi. Mama yao alipanda michikichi miwili, mmoja wa Mwinshehe, mmoja wa Shadia, na majirani wote walijua upi ni wa nani. Huu ulikuwa wa Shadia, na ulikuwa na mikungu miwili inayoiva. Kwetu, anayekata mchikichi unaozaa hutazamwa kama mtu aliyemwaga chakula cha watoto, na mimi mwenyewe ningemtazama hivyo hivyo. Shadia alikaa chini ya mti ule asubuhi nzima. Tangu avuke ziwa hakuwa amelia mbele ya mtu, lakini siku hiyo alilia wazi, jirani akimwona. Alipomaliza alimwomba jirani huyo shoka.

Mwinshehe aliporudi kutoka sokoni, mchikichi ulikuwa chini, na dada yake alikuwa juu ya paa la chumba anang'oa misumari.

"Shadia. Umekata mti wa mama."

"Nimekata wangu, kaka. Wako ule pale."

"Na hayo mabati?"

"Ulisema chumba ni changu. Nakihamisha."

Mwinshehe alifungua kinywa, akakumbuka kwamba amefunga, akakifumba. Akaingia ndani, na siku nyingi zikapita bila yeye kusema na dada yake ila salamu.

Wahenga wanasema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Huyu wetu alivua bati, tena mwaka wa Elnino. Wavuvi wawili walimsaidia kusimamisha fito, kwa ahadi kwamba umeme ukija atawaungia vyuma vya kuning'inizia taa za karabai mitumbwini. Udongo aliukandika mwenyewe, na saumu yake tumboni. Mvua ikaangusha ukuta wa upande wa ziwa; akaukandika tena. Ikauangusha tena, na safari hii akaukinga kwa makuti ya mchikichi wake, ukashika. Wifi yake alimwita arudi alale ndani ya nyumba kubwa, kwa huruma ya kweli, lakini Shadia alikataa. Onesmo alikuwa amesema nyumba anayokaa mtu.

Onesmo akaja, akapima, akafurahi na urefu. Kisha akaitazama ile kazi ya udongo mbichi. "Lakini hili ni banda, mama."

"Ni nyumba. Ingia uone."

Ndani mlikuwa na kitanda, mkeka wa kuswalia, chungu cha uji wa futari, mashine, na kuku nyuma ya mashine. Mto wa kitandani ulikuwa umelowa mvua upande mmoja. Onesmo akauminya kidogo kwa vidole. Alipotoka nje alisimama mbele ya kisiki cha mchikichi, na kwa kuwa na yeye amekulia penye michikichi, alielewa mama huyu alichotoa.

"Utatumia nini humo?" akauliza.

"Mashine hiyo."

"Taa za jirani zitakonyeza kila ukiiwasha."

"Basi watajua niko kazini."

Onesmo akakunja utepe wake. "Ni nyumba," akasema.

Waya ulivutwa Ramadhani ikiwa ukingoni. Enzi zile umeme wa mji ulitoka kwenye majenereta na ulikuja kwa zamu, basi Shadia akakaa ameshika kijiti cha kuchomelea, akisubiri zamu ya upande wake. Ilipofika, cheche ya kwanza ilimtimua kuku, na Shadia akacheka peke yake kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu awe mjane.

Siku ya Idi pili Gervasi alifika na mkokoteni wa kubebea mashine. Mwinshehe alimwongoza hadi kwenye nyumba ile ya udongo. Mlango ulikuwa umerudishwa, mwanga wa buluu ukichungulia chini yake, na taa ya getini kwa wageni ikikonyeza. Gervasi, mtu wa haraka, akanyoosha mkono asukume mlango. Mwinshehe akamshika.

"Ngoja. Humu mna mwenyewe."

Akasimama mbele ya mabati aliyoyanunua yeye, akasafisha koo.

"Hodi."

Mlio ukakoma. "Nani?"

"Ni mimi, kaka yako. Nimekuja na mteja."

"Mteja wa nini?"

Mwinshehe alimtazama Gervasi, kisha akautazama mkokoteni mtupu. "Gurudumu la mkokoteni wake linacheza," akasema. "Anauliza kama fundi ana nafasi."

Shadia aliwaacha wasimame kidogo.

"Karibuni," akasema.