Makombo Chini ya Maranda

Bi Mizani hakupewa jina hilo bure. Kwa miaka ishirini na mbili amelisha na kupima panya wa maabara yetu, na hata ukikaa naye kunywa chai anakupima kwa macho. "Mwanangu, umepungua, nani anakuudhi?" aliniuliza siku niliyoajiriwa kukata sampuli. Mama huyo ndiye aliyeandikiwa barua ya onyo kwamba ni mwongo. Damu inanichemka hadi leo.

Daktari wetu alikuwa anachunguza leptini, homoni inayotoka kwenye mafuta ya mwili. Panya akikaa na njaa homoni hiyo hushuka, na tezi iliyo nyuma ya kidari, inayolea seli za kinga, hunywea kwa kuwa seli zake hufa kwa wingi. Daktari alitaka kujua kama sindano ya leptini itaziokoa. Kundi moja lichomwe leptini, jingine maji ya chumvi, wote wakae siku mbili bila chakula.

"Daktari, tuwahamishie vizimba visafi," Bi Mizani alimwambia. "Hawa wanajua kuficha chakula."

"Mama, wewe toa chakula tu. Mengine niachie."

Nilipokata tezi, zote zilikuwa nono, hata za waliochomwa maji. Daktari hakuuliza. Alifoka mbele ya idara nzima: "Umewaonea huruma ukawalisha!" Kesho yake barua ikatoka. Ya pili ingekuwa ya kumfukuza kazi.

Bi Mizani alileta kizimba cha jaribio lile ambacho hakijaoshwa, akakipindua juu ya karatasi za daktari. Akachambua maranda wanayolalia panya, akaokota makombo moja moja, akayapima. Gramu kumi na moja.

"Haya ni mabaki tu ya waliyokuwa wakila. Na uzito wao haukushuka, niliandika kila asubuhi. Hukufungua daftari."

Jaribio likarudiwa kwenye vizimba visafi. Safari hii tezi za waliochomwa maji zilikuwa zimenywea, na kwenye darubini niliona seli zilizokufa kila mahali. Za waliochomwa leptini zilibaki na afya. Daktari alitushika mikono sote kwa furaha, kisha akaandika kwenye ripoti kwamba vizimba vilibadilishwa "kwa uangalifu wa mtafiti". Mtafiti! Mtu huyo hana haya.

Asubuhi moja Bi Mizani aliingia ofisini kwake, mimi nikiwa pale na sampuli mkononi.

"Hongera, Daktari. Na barua yangu?"

"Mama, hayo si yamepita?"

"Yamepita kwako. Kwenye faili langu bado mimi ni mwongo." Akaweka funguo za chumba cha panya mezani. "Na mwongo haachiwi funguo. Wako mia tatu, wanakula saa mbili."

Ilikuwa saa mbili kasorobo. Daktari alitazama funguo, akatazama saa, akainuka kwenda masjala mwenyewe. Sijawahi kumwona akipanda ngazi mbio namna ile.