Taa Nyekundu ya Betri

Leo gari langu lilizimika mara ya tatu, hapa Ntinda. Fundi aliliwasha, akainama chini ya boneti, na harufu ya petroli na mpira wa moto ikanifikia.

"Madamu, angalia taa ya betri," alisema. "Natikisa waya mmoja mmoja; taa ikiwaka, niambie, huo ndio mbovu."

Nilipokuwa mdogo, baba alifanya hivyohivyo uani kwetu Lubaga, asubuhi aliyotakiwa kuondoka kwenda kazini mpakani. Kila alipoenda, alikaa miezi. Gari lilikuwa likizimika ovyo, basi akaliwasha, akanikalisha kwenye kiti cha dereva, miguu yangu ikining'inia, plastiki ya kiti ikinichoma mapaja.

"Imewaka?"

"Bado, baba."

"Na sasa?"

Ikawaka, nyekundu kama pilipili.

"Bado," nikasema.

Akatikisa waya uleule. Ikawaka tena, injini ikakohoa. "Bado," nikasema.

Baba akafunga boneti na kujifuta mikono kwa kitambaa.

"Basi leo siendi," akasema, akamwita mama amwongezee kikombe cha chai. Siku nzima nilimfuata nyuma kama kifaranga, nikijiona mjanja kuliko watu wote wa Lubaga.

"Madamu, na huu?"

Fundi aligusa waya. Taa ikawaka, na papo hapo injini ikakohoa, gari zima likatetemeka.

Nilikuwa nimeshika usukani kwa mikono miwili.

"Basi, madamu," akasema fundi. "Hata usiposema, huku nasikia."